Rafiki wa Nkuringo: Uchambuzi wa kisa cha sokwe aliyeuawa wageni walipokosekana

Jumatatu ya tarehe 1 Juni 2020, kundi la sokwe wa milimani linaloitwa Nkuringo lilionekana katika Hifadhi ya Taifa ya Bwindi bila kiongozi wake. Kesho yake askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambayo wengi tunaiita UWA, waliukuta mwili wake msituni. Uchunguzi ulionyesha jeraha la kitu chenye ncha kali, lililoingia sehemu ya juu ya tumbo upande wa kushoto na kupenya hadi viungo vya ndani. Aliyekufa alikuwa dume la mgongo wa fedha, yaani dume lililokomaa, mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 25, kiongozi na mlinzi wa kundi lenye sokwe 17. Aliitwa Rafiki.

Jina hilo halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili, wala kwa watu wa Kisoro, ambako kisa hiki kilitokea. Kisoro ni mji wa mpakani. Sokoni utasikia Kifumbira na Kikiga, lakini mchuuzi aliyevuka Bunagana kutoka Kongo, dereva aliyewaleta wageni kutoka Nairobi, na askari aliyepitia kambi za mafunzo, wote huelewana kwa Kiswahili. Mimi ni mmoja wa wanaojipatia riziki kwa kuwapeleka wageni Bwindi, na jina la Rafiki nililitamka mara nyingi mbele ya watu waliosafiri nusu ya dunia ili kukaa naye kwa saa moja. Naandika kwa sababu nadhani kifo chake kinatueleza jambo ambalo takwimu nzuri za utalii wetu hazituelezi.

Siku chache baada ya mwili kupatikana, askari walifuata nyayo hadi kijiji kimoja cha kata ya Nteko. Mkazi mmoja alikutwa na nyama ya nguruwe mwitu pamoja na zana za kuwindia: mitego ya waya, mikuki, na njuga ambazo wawindaji huwafunga mbwa shingoni. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba aliingia msituni kuwinda wanyama wadogo, akakutana na kundi la sokwe, dume likamjia, naye akalichoma mkuki kujiokoa. Mwishoni mwa Julai alikiri mahakamani kosa la kuingia hifadhini kinyume cha sheria na la kumuua sokwe, na pia kumuua nguruwe mwitu na mnyama mdogo wa jamii ya paa, akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Wengine watatu waliokamatwa pamoja naye walikana mashtaka. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu adhabu kubwa zaidi ya hiyo kwa anayemuua mnyama aliye katika hatari ya kutoweka, yaani kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20.

Tangu mwaka 2011 hakukuwa na habari ya sokwe kuuawa na binadamu katika Bwindi. Ndiyo maana habari ya Rafiki ilizunguka dunia nzima kwa siku mbili. Habari ya mtu aliyemuua, na ya kwa nini alikuwa na mkuki msituni mwezi ule, haikusafiri mbali hivyo.

Mkuki ulikuwa wa nguruwe

Jambo la kwanza la kulishika katika kisa hiki ni kwamba hakuna aliyekwenda kumwinda Rafiki. Watu wa Bwindi hawali sokwe, na hapakuwa na dalili ya biashara ya viungo vyake wala ya kuiba watoto wa kundi. Aliyetafutwa ni nguruwe mwitu, mnyama anayeliwa, na ambaye ukiuliza wakulima wanaopakana na msitu adui yao wa usiku ni nani, jina lake litatajwa mapema.

Ukilielewa hilo, suluhisho la kwanza linalomjia mtu kichwani, yaani kuongeza askari wa kuwalinda sokwe, linaanza kuonekana fupi. Sokwe waliozoeshwa watu tayari hufuatwa kila siku na wafuatiliaji wanaojua walilala wapi jana. Ulinzi wa karibu zaidi ya huo ni mgumu kuupata, na bado mtu na mbwa wake waliweza kukutana nao kichakani, kwa sababu msitu wa Bwindi una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 320, miteremko yake ni mikali, na watu wanaouzunguka wanaishi kwa msongamano mkubwa sana kwa eneo la vijijini. Shamba linaishia pale msitu unapoanzia. Kuna mahali ambapo mkulima akiinua jembe kwa nguvu, udongo unadondokea ndani ya hifadhi.

Mtego wa waya wa mnyama mdogo haujui kuchagua mguu wa kuukamata, na mkuki wa nguruwe unaua sokwe vilevile. Kwa hiyo anayetaka kuwalinda sokwe wa Nkuringo atalazimika kujishughulisha na chakula cha watu wa Nteko: nyama wanayoipata, viazi wanavyovipoteza, na wanachokipata mkononi kama fidia ya kuishi jirani na msitu ambao wengine wanaulipia fedha nyingi kuuona.

Kundi lililozoea kutoka nje

Bwindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na ilipofika 1993 wageni wa kwanza walianza kupelekwa kuwaona sokwe upande wa Buhoma, kaskazini. Mwaka 1994 msitu huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Upande wa kusini ulisubiri. Kundi la Nkuringo lilizoeshwa watu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na likafunguliwa kwa watalii mwaka 2004.

Kuzoesha sokwe ni kazi ya miaka miwili au zaidi. Watu walewale huenda kila siku, wakikaa mbali kidogo, wakiiga sauti za sokwe za kutuliza, wakijifanya wanakula majani, hadi sokwe wanapoacha kuwakimbia. Kazi hiyo ndiyo inayouwezesha utalii wote huu. Ina athari moja ambayo wapangaji waliiona mapema katika kundi hili: sokwe asiyemwogopa mtu haliogopi tena shamba la mtu. Nkuringo lilikuwa likitoka msituni mara kwa mara na kukaa kwenye ardhi ya wanakijiji.

Nimewahi kuonyeshwa shamba la migomba asubuhi baada ya sokwe kupita. Wengi hudhani wanakula ndizi. Sokwe huupasua mgomba wenyewe, akayabambua maganda yake kama mtu anayemenya muwa, akakila kiini cheupe chenye maji kilicho katikati. Akiondoka, shina limelala chini limechanika nyuzinyuzi, maji yanachuruzika, na mkungu mchanga umepondeka chini yake. Mama mwenye shamba, ambaye nilimwamkia kwa heshima ya umri wake na ambaye hakuwa na hasira nilizozitarajia, aliihesabu ile migomba kwa kuigusa mmoja mmoja kwa ncha ya panga. Ilikuwa tisa. Kisha akaniuliza kama wageni wangu watapita na huku, maana njia ya juu ilikuwa inateleza.

Juhudi za kupunguza mgongano huo zilifanyika, na baadhi zinastahili sifa. Ardhi ilinunuliwa kutoka kwa wanakijiji ikawa ukanda wa kinga kati ya msitu na mashamba, wenye urefu wa kilomita 12 na upana wa meta 350, ili sokwe wakitoka wasikute chakula cha watu moja kwa moja. Kikosi cha wanakijiji wa kujitolea, kinachojulikana kama HUGO, kilifunzwa kuwarudisha sokwe msituni taratibu bila kuwajeruhi. Mazao ambayo sokwe hawayapendi, chai ikiwa mojawapo, yalihimizwa kando ya mpaka. Na juu ya kilele cha Nkuringo, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu unaiona milima ya Muhavura, Mgahinga na Sabinyo ikiwa imejipanga upande wa kusini, ilijengwa loji kwa mkataba unaoipa jumuiya ya pale sehemu ya malipo ya kila usiku mgeni anaolala.

Kwa hiyo Nkuringo haikuwa mahali palipotelekezwa. Ni mahali ambapo karibu kila mbinu inayofundishwa katika semina za utalii endelevu ilijaribiwa. Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo, na ndiyo maana siridhiki na maelezo mepesi kwamba mtu mmoja alikuwa mhalifu na basi.

Dola 600 na dola 10

Tuzitazame fedha. Hadi Juni 2020, mgeni kutoka nje ya Afrika alilipa dola 600 kwa kibali cha kuwaona sokwe, na raia wa Afrika Mashariki alilipa shilingi 250,000. Wageni hawazidi 8 kwa kundi moja la sokwe kwa siku, na wanakaa nao saa moja tu. Udhibiti huo ni mzuri na unapaswa kubaki, kwa sababu sokwe hushambuliwa na maradhi yetu, na umati ungewasumbua. Uchache wa nafasi ndio unaokifanya kibali kiwe ghali, na bei hiyo ndiyo inayoufanya msitu uwe na thamani mbele ya serikali kuliko mbao zake. Fedha za sokwe hulipa mishahara ya askari wa Bwindi na husaidia hifadhi nyingine za Uganda ambazo haziingizi kiasi cha kujitosheleza. Mwaka 2019 nchi ilipokea wageni wapatao milioni 1.5, na hakuna mnyama aliyetumika kuitangaza Uganda nje kuliko huyu.

Matokeo ya uhifadhi yanaonekana pia. Hesabu za mwaka 2006 zilikuta sokwe takriban 300 katika Bwindi. Hesabu iliyofanyika 2018, pamoja na hifadhi ya Sarambwe iliyoshikana nayo upande wa Kongo, ilikuta 459, na ukijumlisha wale wa milima ya Virunga dunia ilikuwa na sokwe wa milimani 1,063. Mwaka huohuo wa 2018 sokwe hao waliondolewa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka na kuwekwa daraja moja chini yake. Ni wanyama wachache sana wakubwa wa Afrika ambao idadi yao imekuwa ikipanda katika miaka yetu hii, na mimi nasema wazi kwamba bila utalii sioni jinsi jambo hilo lingetokea.

Sasa tufuate shilingi inayorudi kijijini. Sheria inaitaka UWA irudishe kwa majirani wa hifadhi asilimia 20 ya ada ya kuingilia. Wengi husikia asilimia 20 wakadhani ni ya kibali. Sivyo: ada ya kuingia ni kitu kimoja na kibali cha sokwe ni kitu kingine kilicho kikubwa zaidi. Ili kuziba pengo hilo iliwekwa tozo maalumu ya sokwe, ambayo ilifikia dola 10 kwa kila kibali. Piga hesabu ya siku moja iliyojaa. Kwa bei ile ya dola 600, wageni 8 wa kundi la Nkuringo walileta dola 4,800 za vibali. Tozo ya majirani ilikuwa dola 80. Yaani katika kila dola 100 za kibali, majirani walipata chini ya dola 2 kwa njia ya tozo.

Hizo dola 80 nazo haziendi Nteko peke yake. Zinawekwa katika mfuko, zinagawanywa kwa jamii zinazopakana na hifadhi katika wilaya kadhaa, zinapitia serikali za mitaa, na zinafika kijijini zikiwa mradi: darasa, barabara ya miguu, mbuzi, mbegu za viazi mviringo. Sidharau miradi hiyo. Kuna watoto wanaosoma chini ya bati lililonunuliwa na Rafiki na jamaa zake. Hata hivyo darasa linamfaa kwa kipimo kimoja mtu anayeishi kilomita tano kutoka msituni, ambaye hajawahi kupoteza hata kiazi, na mtu ambaye shamba lake limegusana na ukanda wa kinga. Mbuzi nao mara nyingi hufika kwa mtu anayehudhuria mikutano, anayejua kusoma orodha, na mwenye jamaa kwenye kamati.

Watafiti waliowahoji watu wa Bwindi kuhusu wanaoingia msituni bila ruhusa walikuta kwamba wengi wao ni maskini zaidi ya majirani zao na wanaishi karibu zaidi na mpaka na mbali zaidi na barabara na masoko. Walikuta na jambo jingine ambalo naliona kuwa zito: baadhi waliingia kwa sababu ya kuhisi wamedhulumiwa, kwamba wanyama wanakula kwao na fedha zinaliwa kwingine. Umaskini unaweza kupunguzwa kwa mradi. Hisia ya kudhulumiwa haiponi kwa mradi unaompita mtu mlangoni ukaenda kwa mwingine.

Kuna njia nyingine ya fedha ambayo wapangaji huitaja kwa haraka, nami ningependa itazamwe kwa utulivu. Mgeni akifika pale juu, vijana kwa akina mama wa kijiji hujipanga kwa zamu kubeba mizigo. Mpagazi mmoja hulipwa dola 15 hadi 20 kwa siku. Atakubebea begi, atakushika mkono kwenye mteremko wa matope, na jioni atarudi nyumbani na fedha mfukoni, bila kamati na bila orodha. Mgeni anayemchukua mpagazi ameweka mkononi mwa jirani wa sokwe, kwa siku moja, fedha nyingi kuliko tozo nzima ya kibali chake. Ndiyo sababu ninapowaandaa wageni wangu huwaambia wachukue mpagazi hata kama begi lao ni jepesi, na sioni kama ni sadaka. Ni malipo ya kazi, na pengine ni sehemu ya uaminifu zaidi ya bei yote.

Miezi ya ukimya

Usiku wa Machi 22, 2020, uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa abiria kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na kabla ya mwezi kwisha utalii wa sokwe ulisimamishwa. Kwa upande wa afya ya wanyama uamuzi huo ulikuwa sahihi bila shaka. Bwindi ilikuwa na kumbukumbu yake: mwaka 1996 upele ulilipata kundi moja la sokwe, mtoto mmoja akafa, na chanzo kilifuatwa hadi kwa jamii zilizo jirani, ambako sokwe walidhaniwa kuwa walishika nguo chakavu zilizovikwa sanamu za kufukuzia wanyama mashambani. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka, aliyekuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika mamlaka ya hifadhi, aliushughulikia mkasa huo, na baadaye, mwaka 2003, alishiriki kuanzisha shirika la Conservation Through Public Health, ambalo huhudumia afya ya watu na ya sokwe kwa pamoja kwa hoja kwamba maradhi hayana mpaka wa hifadhi.

Lakini kufungwa kwa utalii kulizima kila mfereji kwa wakati mmoja. Tozo ilikoma kwa sababu vibali havikuuzwa. Loji zilifungwa, wapishi na wafagizi wakarudi makwao. Wapagazi hawakuwa na wa kumbebea. Akina mama waliosuka vikapu walibaki navyo. Vijana waliokuwa wameondoka kutafuta kibarua mijini nao walirudi, na kwa hiyo vinywa viliongezeka nyumbani wakati uleule kipato kilipokatika. Katika miezi hiyo ya kwanza UWA iliripoti kwamba matukio ya ujangili nchini yalizidi maradufu ukilinganisha na kipindi kama hicho mwaka uliotangulia. Rafiki alikufa katika mwezi wa tatu wa ukimya huo.

Hapa inabidi niwe mwangalifu, kwa kuwa wapo waliosema korona ndiyo iliyomuua Rafiki. Mitego ya waya iliokotwa Bwindi miaka yote, hata katika misimu ambayo vibali vilikwisha miezi kabla. Mtu mwenye mbwa waliofundishwa, wenye njuga shingoni, hakuanza uwindaji wiki iliyopita. Ninachoweza kusema ni kwamba utalii ulikuwa umeujengea msitu ukuta wenye nguzo moja, na nguzo ilipotikisika ndipo tulipoona ni watu wangapi walikuwa nje ya ukuta tangu mwanzo.

Wala hatuwezi kusema hatukuonywa. Tarehe 1 Machi 1999 waasi wenye silaha walivamia Buhoma, wakawaua watalii 8 na ofisa mmoja wa hifadhi. Wageni walitoweka, na ilichukua muda mrefu kurudisha imani yao. Tangu siku ile ilijulikana kwamba biashara inayotegemea watu kupanda ndege inaweza kukatika kwa siku moja, kwa sababu ambayo mkulima wa Nteko hana uwezo wowote juu yake. Miaka 21 ilipita, na sehemu ya fedha nzuri zilizopatikana katikati haikuwekwa mahali ambapo jirani wa msitu angeweza kuifikia siku ya dhiki. Kwangu mimi hili ndilo kosa kubwa la mpango kuliko yote yaliyomo katika kisa hiki, na ni kosa ambalo bado linaweza kusahihishwa: akiba ya majirani, inayojazwa wageni wanapokuwa wengi, na inayofunguliwa kwa sheria, bila kusubiri harambee ya wafadhili, siku ambayo wageni wanakosekana.

Waliotangulia msituni

Haiwezekani kuzungumza juu ya nani analipwa Bwindi bila kuwataja Batwa. Waliishi katika misitu hii kwa vizazi, wakiwinda na kukusanya asali na mizizi, hadi hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991 na wao wakajikuta nje, wengi bila ardhi na bila fidia, wakiishi kama maskwota kwenye mashamba ya wengine. Kwa hesabu yoyote ya gharama za uhifadhi, gharama yao ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko ya mtu mwingine, na walichokipata kimekuwa kidogo kuliko vyote. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba iliamua kesi waliyoifungua mwaka 2013 ikikubali kwamba walitendewa isivyo haki, na ikaagiza suala la kuwarekebishia lishughulikiwe na Mahakama Kuu.

Leo kuna matembezi ambapo wazee wa Kibatwa huwaonyesha wageni jinsi walivyokuwa wakiwasha moto kwa vijiti na kutega asali. Nimewapeleka wageni huko, na kila mara narudi na moyo uliogawanyika. Fedha inayolipwa inawafaa, na vijana wanajifunza nyimbo ambazo pengine zingepotea. Lakini mzee yule anayetuonyesha kibanda cha majani haruhusiwi kulala ndani yake msituni usiku huo. Utalii umempa kazi ya kuigiza maisha yaliyomwondoka. Hadi ardhi ipatikane, sidhani kwamba tunaweza kuliita jambo hilo maendeleo.

Kilichofanywa baadaye

Baada ya kifo cha Rafiki hofu kubwa ilikuwa kwamba kundi lingesambaratika, au dume la nje lingelivamia na kuua watoto, kama inavyotokea kwa sokwe wanaopoteza kiongozi. Haikuwa hivyo. Dume jingine la kundi hilohilo, Rwamutwe, lilishika uongozi na kundi likabaki pamoja. Utalii wa sokwe ulifunguliwa tena tarehe 1 Septemba 2020, barakoa zikiwa lazima na umbali kati ya mgeni na sokwe ukiongezwa kutoka meta 7 hadi 10.

Hatua iliyonigusa zaidi ilikuwa ndogo. Shirika la Daktari Kalema-Zikusoka liligawa mbegu na miche ya mazao yanayokomaa haraka kwa kaya zinazopakana na hifadhi, kwa hoja ileile niliyoianza hapa, kwamba sufuria iliyojaa nje ya msitu inapunguza sababu ya kuingia ndani. Shirika hilo lilikuwa na uzoefu wa namna hiyo tangu 2015, lilipoanzisha biashara ya kahawa inayonunuliwa kwa wakulima wa kando ya Bwindi kwa bei bora na kuuzwa kwa jina la sokwe. Kahawa ni mfano unaofaa kuangaliwa na kila anayepanga utalii Uganda. Inanufaika na sifa ya sokwe, lakini inaweza kusafirishwa na kunywewa mahali ambapo mnywaji hawezi kuja. Mgeni akizuiliwa kwao, gunia halizuiliwi pamoja naye.

Sheria ya mwaka 2019 ilileta pia jambo ambalo sheria ya kabla yake haikuwa nalo, yaani mfuko wa kuwafidia watu walioumizwa au kuharibiwa mali na wanyama kutoka hifadhini. Wazo ni la haki. Ugumu uko kwenye njia ya kulifikia: mkulima wa mteremkoni anatakiwa kuthibitisha hasara, kuita ofisa aje kuishuhudia, na kujaza fomu, huku jua likiukausha mgomba uliopasuliwa na ushahidi ukiozea shambani. Vijana wa HUGO tayari wanafika shambani saa ileile sokwe wanapofika. Wangepewa daftari, mamlaka ya kuhesabu migomba, na ujira wa kazi hiyo, tozo ya sokwe ingeweza kugawanywa kwa kipimo cha hasara, na mama wa migomba tisa angelipwa kabla ya mtu wa kilomita tano. Wanaojua nani amepoteza nini wapo pale kila siku.

Bei ya kibali kwa mgeni wa nje ilipanda hadi dola 700 Julai 2020, na Julai 2024 ikafika dola 800. Kila inapopanda, sisi tunaowaleta wageni hulalamika kuhusu ushindani wa Rwanda na kuhusu maswali ya wateja. Nimeacha kulalamika. Dola 800 si nyingi kwa saa moja na Rwamutwe, kama ningeweza kumweleza mgeni bila kusitasita ni shilingi ngapi kati ya hizo zitashuka ule mteremko.

Mara ya mwisho nilipokuwa Nkuringo niliondoka kabla ya mapambazuko, nikapita njia ya chini kando ya ukanda wa kinga. Katika shamba la viazi vitamu kulikuwa na kibanda kidogo cha majani, na moto uliokuwa unakaribia kuzimika. Kijana mmoja alikuwa ameketi mlangoni amejifunika blanketi, kopo la bati na kijiti cha kulipiga viko miguuni pake. Alikuwa amekesha akiwafukuza nguruwe mwitu. Nilimsalimu, nikamuuliza usiku ulikuwaje. Alinionyesha kwa kidevu tuta mbili zilizofukuliwa upande wa msitu, akasema zamu yake ya kubeba mizigo ilikuwa bado siku nne.